Buni zinapoiva Nyeri, nani anamtunza mchumaji?

Kuanzia Oktoba hadi Desemba kila mwaka, miteremko ya Nyeri hubadilika rangi. Buni zilizokuwa kijani tangu katikati ya mwaka huanza kugeuka manjano, kisha nyekundu, na kutoka Othaya hadi Karatina, kutoka Mukurwe-ini hadi Tetu, watu huingia mashambani kabla umande haujakauka. Hali ni hiyo hiyo ukiuzunguka mlima: Kerugoya, Embu, Chuka, Meru. Huu ndio msimu mkubwa wa kahawa. Ule mdogo, wa kati ya Aprili na Julai, hauna pilkapilka nyingi kiasi hiki.

Wengi wetu tunaoishi mijini tuna mama, nyanya au shangazi aliye katikati ya mistari hiyo ya mibuni wakati huu. Tunapopiga simu nyumbani tunauliza kama mavuno ni mazuri na kama chama cha ushirika kimelipa. Ni nadra kuuliza mgongo unaendeleaje.

Msomaji aliyewahi kusikia habari za mavuno ya zabibu huko Ufaransa, au hata kwa majirani zetu wa Dodoma, atautambua msimu huu mara moja. Tunda lazima lichumwe likiwa limeiva barabara, lifikishwe kiwandani upesi, lichachushwe kwa uangalifu, na kazi yote hutegemea mikono ya vibarua kwa wiki chache za haraka. Kule hutoka mvinyo, huku hutoka kahawa ambayo wanunuzi wa ng'ambo huipigania.

Ajabu ni kwamba tunda lenyewe hutunzwa kama yai. Buni ikichumwa mbichi hukataliwa. Ikilala guniani huanza kuchacha ovyo na kuharibu ladha, kwa hivyo huchumwa asubuhi na kufika kiwandani siku iyo hiyo. Hapo humwagwa chini na kuchambuliwa kwa mkono, nyekundu huku, mbichi na zilizokauka kule. Baadaye humenywa kwa mashine, huachwa katika matangi usiku kucha au zaidi ili ule ute unaozunguka punje uachane nayo, huoshwa kwa maji safi na kuanikwa juu ya vitanda vya waya kwa wiki mbili hivi, mpaka unyevu ushuke hadi karibu asilimia 11. Kila hatua ina kanuni, na kila kanuni ina mtu wa kuisimamia. Mwili wa aliyechuma tunda hilo hauna kanuni wala msimamizi.

Mzigo na mukwa

Ili kupata kilo moja ya kahawa iliyokobolewa, zinahitajika kilo sita au saba za matunda mabivu. Hesabu hiyo huwahusu wafanyabiashara, lakini anayeihisi kiunoni ni mchumaji, kwa kuwa kilo zote hizo hutoka shambani mgongoni mwa mtu. Gunia lililojaa buni mbichi laweza kuzidi kilo 50, na njia ya kwenda kiwandani, kwa jinsi nchi ya Nyeri ilivyo, ni ya kushuka bonde na kupanda lingine. Mvua za vuli nazo huufanya ule udongo mwekundu uteleze kama sabuni.

Uti wa mgongo ni mifupa midogo iliyopangwa moja juu ya mwingine, na kati ya mfupa na mfupa mna kisahani laini kinachozuia isisagane. Mtu anapoinama kutoka kiunoni na kunyanyua mzigo huku amenyoosha miguu, kisahani hicho hubanwa upande wa mbele na kusukumwa nyuma, mahali zinapopita neva. Kikitokeza na kuigusa neva, maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi pajani, pengine hadi kidole cha mguu. Watu husema wamepigwa na baridi. Si baridi, ni mzigo.

Akina mama wa sehemu hizi wana desturi ya kubeba mzigo mgongoni ukiwa umeshikiliwa na mukwa, ule ukanda unaopita juu ya kichwa. Nyanya wengi wana alama iliyodidimia pale ukanda ulipokaa kwa miaka. Mukwa unaiacha mikono huru na kuuweka mzigo karibu na mwili, jambo ambalo ni jema, lakini sehemu ya uzito wote huishia shingoni. Kuumwa kichwa kila jioni wakati wa mavuno, ganzi mikononi au shingo kukakamaa ni dalili kwamba shingo imechoka.

Dawa kubwa hapa haiuzwi dukani. Ni kugawa mzigo. Magunia mawili yaliyojaa nusu, yaliyobebwa kwa safari mbili, yanachosha miguu lakini yanaokoa mgongo. Wakati wa kunyanyua, chuchumaa, uukumbatie mzigo karibu na tumbo, halafu usimame kwa nguvu za mapaja. Na ikiwa kuna kijana mwenye pikipiki kijijini, nauli ya kupeleka gunia kiwandani ni ndogo kuliko gharama ya picha moja ya eksirei.

Maumivu ya kawaida ya kiuno hupungua yenyewe katika wiki chache, mradi mgonjwa aendelee kutembea taratibu na asilale kitandani siku nzima. Lakini akishindwa kuuzuia mkojo au choo, akifa ganzi kati ya mapaja, mguu ukilegea, au maumivu yakiambatana na homa, asikandwe wala kunyooshwa na mtu yeyote. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa zilizo juu ya majani

Tatizo la pili halionekani kwa macho, na kwa maoni yangu ndilo baya zaidi.

Kahawa iliyoipa Nyeri jina ni ya aina za SL28 na SL34, zilizochaguliwa katika Maabara ya Scott, Kabete, miaka ya 1930. Ladha yake husifiwa kote duniani. Lakini miti hiyo haina kinga dhidi ya kutu ya majani wala dhidi ya ule ugonjwa wa kuozesha matunda ambao wakulima wanaujua kwa herufi zake, CBD, uliogunduliwa humu nchini mwaka 1922. Kwa hivyo hunyunyiziwa dawa za ukungu, hasa zenye madini ya shaba, mara kadhaa kwa mwaka. Juu ya hizo kuna dawa za kuulia wadudu, kama wale wanaotoboa tunda na kuingia ndani ya punje.

Sasa angalia jinsi buni inavyoiva. Tawi moja laweza kuwa na matunda mekundu, ya manjano na ya kijani kwa wakati mmoja. Mchumaji hawezi kumaliza mti kwa siku moja. Huurudia kila baada ya siku 10 au 14, kwa wiki nyingi. Mkulima akiona wadudu katikati ya msimu huo na kunyunyiza dawa, mikono ya wachumaji itayashika majani yayo hayo baada ya siku chache tu. Kila kopo la dawa huwa na maandishi yanayoeleza ni siku ngapi zipite kabla ya kuvuna, na muda gani upite kabla ya mtu kuingia shambani bila mavazi ya kujikinga. Maandishi hayo huwa madogo mno, na anayechuma kwa kawaida siye aliyelisoma kopo. Hata haambiwi kwamba juzi dawa ilipigwa.

Baadhi ya dawa za wadudu ni za jamii iitwayo oganofosfeti. Kazi yake ni kuzuia kimeng'enya fulani mwilini ambacho huzima ishara za neva zikishamaliza kazi. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, neva hubaki zikipiga kelele bila kunyamaza. Mdudu hufa kwa njia hiyo. Binadamu naye ana neva zinazofanya kazi vivyo hivyo, tofauti ni kipimo. Sumu hiyo haihitaji kunywewa. Hupenya ngozi, hasa kwapani na sehemu za siri, na kwa urahisi zaidi penye nyufa na michubuko. Viganja vya mchumaji mwezi wa Novemba, vilivyopasuka kwa maji ya buni na vijiti, ni mlango ulio wazi.

Dalili za kwanza hufanana na za malaria au mafua, ndiyo sababu hupuuzwa: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi. Zikizidi, mate hutoka kwa wingi, macho hutiririka machozi, mboni huwa ndogo kama ncha ya sindano, tumbo hunyonga, misuli hucheza yenyewe na pumzi huwa ngumu. Mtu wa namna hiyo yumo hatarini, na hospitali ina dawa ya kumsaidia, ikiwemo atropini, ikiwa atafikishwa mapema.

Nyumbani wengi hukimbilia maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii, na kumlazimisha mgonjwa atapike kwaweza kumfanya avute matapishi mapafuni. Linalofaa ni hili: mwondoe shambani, mvue nguo zote zilizoguswa na dawa, mwoshe mwili na nywele kwa sabuni na maji mengi, anayemwosha naye akiwa amevaa glavu, kisha mkimbize hospitali pamoja na kopo la dawa au karatasi yake. Daktari akijua jina la dawa hupoteza muda mchache.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu wa kahawa hulieleza kama la kilimo tu, nami naliona kuwa la afya kabisa. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kilitoa aina ya Ruiru 11 mwaka 1985, na mwaka 2010 ikafuata Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote vya Mlima Kenya. Zote mbili hustahimili CBD na kutu ya majani. Mkulima anayezipanda hupunguza sana idadi ya siku za kunyunyiza dawa za ukungu. Mjini tunaketi kwenye mkahawa tukijadili kama Batian inaifikia SL28 kwa ladha. Mjadala huo haumhusu sana yule anayebeba bomba la dawa mgongoni.

Utamu wa buni na watoto

Likizo ndefu ya shule huangukia katikati ya msimu huu, na watoto wa Nairobi na Nakuru hupelekwa kwa nyanya. Si vibaya mtoto ajue kahawa hutoka wapi. Lakini ganda la buni mbivu lina utamu, na hakuna mtoto aliyewahi kuingia shamba la kahawa asifyonze. Tunda hilo halijaoshwa. Kama lilipigwa dawa, mtoto amekula dawa, na kwa kuwa mwili wake ni mdogo, kiasi ambacho mtu mzima hakisikii chaweza kumwumiza yeye. Afyonze zilizooshwa, kutoka kwa miti ambayo mwenye shamba anajua haikunyunyiziwa karibuni.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na wa miaka 13 hadi 16 anaruhusiwa kazi nyepesi tu isiyomdhuru wala kumzuilia masomo. Kunyunyiza dawa si kazi nyepesi. Wala kubeba gunia. Kumsaidia nyanya kujaza kikapu kidogo hadi saa nne asubuhi ni jambo tofauti na kumtuma mtoto atafute pesa ya debe kwa jirani siku nzima. Mama mjamzito pia asipewe bomba wala zamu ya kuchuma katika shamba lililopigwa dawa juzi, hata kama anajisikia mwenye nguvu.

Jioni kiwandani

Buni zikifika kiwandani kazi haijaisha. Mashine za kumenya huanza jioni na mara nyingi huunguruma hadi usiku, sakafu ya saruji ikiwa imelowa maji na ute. Hapa ajali ni za aina mbili: kuteleza, na nguo kunaswa na mikanda ya mashine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu za mashine zinazozunguka zifunikwe. Leso, shali na koti lenye kamba zinazoning'inia hazifai karibu na mashine hata iwe imefunikwa. Buti za mpira zenye soli ya kushika ni za lazima, na mtu aliyekatwa na chuma au kuchomwa na mti aulize kama chanjo yake ya pepopunda bado ina nguvu.

Kuna suala la maji pia. Maji yaliyomenyea na kuoshea buni hutoka yakiwa na asidi na mabaki mengi ya sukari. Yakiachwa yaingie mtoni, vijidudu vinavyoyaozesha huimaliza hewa iliyo majini, samaki hufa, na mto hunuka. Mito inayotoka Aberdare na Mlima Kenya, kama Gura na Sagana, huteremka kwa watu wengine wanaoyateka maji hayo kwa ndoo. Ndiyo maana kiwanda hutakiwa kiwe na mashimo ya kuyapokea maji machafu yasifike mtoni. Ukiona mfereji wa kiwanda unaelekea moja kwa moja mtoni mwezi wa Novemba, lalamika kwa chifu na kwa NEMA, na walio chini ya mto wachemshe maji wakijua kwamba kuchemsha huua viini lakini hakuondoi kemikali.

Kule kuanika kwa uangalifu nako ni kinga kwa mnywaji. Kahawa ikikauka polepole au ikinyeshewa na kurundikwa ikiwa na unyevu, hupata kuvu. Baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo okratoksini A, ambayo hudhuru figo, na haimalizwi yote na kukaanga. Sumu hiyo hiyo huwasumbua wakulima wa zabibu, kwani huingia hadi kwenye mvinyo, na Umoja wa Ulaya umeweka viwango vya juu kabisa vinavyoruhusiwa kwa vyote viwili. Kwa hivyo yule mama anayekimbia kufunika vitanda mvua inaponusia anaokoa bei na figo za mtu asiyemjua.

Kutoka kiwandani kahawa kavu huenda kwenye vinu vya kukoboa, ambako adui ni vumbi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Muhimbili cha Dar es Salaam waliwachunguza wafanyakazi wa viwanda vya kukoboa kahawa nchini Tanzania na kukuta kikohozi na dalili za pumu zaidi miongoni mwao kuliko kwa wafanyakazi waliolinganishwa nao. Vumbi hilo lina mabaki ya bakteria na maganda yanayochokoza mapafu. Kitambaa kilichofungwa puani hakitoshi, inatakiwa barakoa ya kuzuia vumbi inayobana uso. Mtu ambaye kifua humbana Jumatatu anaporudi kazini na kutulia Jumapili anapopumzika amweleze daktari anafanya kazi wapi.

Na kikombe chenyewe?

Jambo la kuchekesha ni kwamba wengi wanaochuma kahawa hii hunywa chai. Kahawa kwao ni karo ya shule na mabati. Kwa anayeinywa, hata hivyo, habari si mbaya. Mwaka 2016 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiondoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani. Kilichobaki kushukiwa ni kinywaji chochote cha moto sana, kinachozidi nyuzi 65, kwa sababu huunguza koo mara kwa mara. Saratani ya koo la chakula ni miongoni mwa zinazowapata Wakenya wengi, kwa hivyo chai ya shambani inayonywewa ikitokota, ili mtu arudi upesi kwenye mibuni, ingoje dakika chache ipoe. Kuhusu kafeini, mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilisema mwaka 2015 kwamba mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na mama mjamzito 200, yaani vikombe viwili hivi vya kawaida.

Ukienda nyumbani Desemba

Kibarua wa kahawa hulipwa kwa debe, jioni, mkononi. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inampa mwajiri wajibu kwa mfanyakazi anayeumia, lakini anayeteguka goti katika shamba la jirani huondoka bila karatasi yoyote, na shamba kesho yake limepata mwingine. Tangu Oktoba 1, 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, na familia isiyo na mshahara wa kila mwezi hutakiwa kulipa mchango angalau wa shilingi 300 kwa mwezi, ukihesabiwa kwa mwaka mzima. Malipo ya kahawa huja miezi mingi baada ya kuchuma. Anayesubiri pesa za buni ndipo alipie bima ameupitisha msimu wote wa hatari bila bima. Kama wewe una mshahara, hapo ndipo mchango wako kwa wazee ungefaa zaidi kuliko blanketi la Krismasi.

Ukifika, ingia stoo. Tazama dawa za kahawa zimewekwa wapi: ziko juu, zimefungwa kwa kufuli, mbali na unga na mbegu? Tazama ule mstari wa rangi kwenye kopo. Nyekundu ni kali mno, njano inafuata, halafu buluu na kijani. Tafuta kopo tupu linalotumiwa kuwekea maziwa au mafuta ya taa. Litoboe, hata nyanya akinung'unika. Nguo za kunyunyizia zifuliwe peke yake, si katika beseni la nguo za watoto, na anayezifua avae glavu.

Kisha muulize aliyepiga dawa mara ya mwisho ni nani, na ilikuwa tarehe gani. Chukua kalamu uiandike kwenye mlango wa stoo, mahali ambapo kila mchumaji ataiona kabla hajachukua kikapu.